Nyumba ya Kurudi: Kwa Nini Tamthilia Humweka Mwanamke Kati ya Ndugu na Mume

Asubuhi baada ya kupigwa, Stella ana dola 10 mkononi. Mumewe, Stanley, amempa ili yaishe. Usiku uliopita Stanley alikuwa akicheza karata na wenzake, akalewa, akaitupa redio nje ya dirisha, kisha akampiga mkewe mjamzito. Blanche, dada yake Stella, hakupata usingizi. Asubuhi hiyo amekuja mbio kumwambia mdogo wake waondoke: wafungue duka, wampelekee telegramu tajiri mmoja wa mafuta kule Dallas aliyewahi kufahamiana naye, wafanye lolote mradi watoke. Anafungua pochi atafute pesa ya kuanzia. Mna senti 65. Stella anamwambia achukue tano katika zile kumi za Stanley, yeye atabaki na tano.

Hilo ni onyesho la nne la A Streetcar Named Desire, tamthilia ya Tennessee Williams iliyofunguliwa New York tarehe 3 Desemba 1947. Wengi huikumbuka kwa sauti ya Stanley akiliita jina la mkewe huku analia chini ya ngazi. Mimi huikumbuka kwa dola tano tano. Dada anayemshawishi mwenzake akimbie ndoa anapewa nauli na mume yuleyule anayekimbiwa.

Ukikitaja kisa cha namna hii penye watu, mjadala huanza palepale. Mmoja atasema damu nzito kuliko maji. Mwingine atajibu kwamba aliyeolewa ameolewa, ndugu wakae kwao. Wote wawili wameshika mizani ileile: wanapima nani anapendwa zaidi, ndugu au mume. Watunzi wakubwa wa tamthilia walioshughulika na jambo hili, kwa miaka karibu 2,500 sasa, wanapima kitu kingine. Wanauliza mwanamke huyu akitoka usiku huu atalala wapi, na mlango huo atafunguliwa na nani. Ukilishika swali hilo, tamthilia nyingi zinazoonekana kuwa na wahusika vigeugeu au wajinga huanza kueleweka.

Tuanze kwa Wagiriki, maana wao ndio waliotuachia hesabu yenyewe ikiwa wazi kabisa, na inatisha. Mwanahistoria Herodotus anasimulia kwamba Dario, mfalme wa Uajemi, alimkamata mkuu mmoja aitwaye Intaphernes pamoja na wanawe na jamaa zake wote wa kiume, akaamuru wauawe. Mke wa Intaphernes akawa anakuja mlangoni pa mfalme kila siku, analia. Mfalme akamwonea huruma, akamwambia achague mmoja tu atakayeachiwa. Mama yule akamchagua kaka yake. Dario akashangaa: mume umemwacha, watoto umewaacha? Akajibu kwamba mume mwingine anaweza kumpata Mungu akipenda, na watoto wengine vilevile. Lakini baba na mama wamekwisha kufa, kaka mwingine hatampata kwa njia yoyote. Jibu likampendeza mfalme, akamwachia huyo kaka, na mwanawe mkubwa akamwongezea. Waliobaki wakauawa.

Hesabu hiyohiyo, karibu kwa maneno yaleyale, imo katika Antigone ya Sophocles, iliyochezwa Athene takriban mwaka 441 kabla ya Kristo. Antigone amemzika kaka yake Polynices kinyume cha amri ya mfalme Creon. Creon huyo ni mjomba wake, tena ni baba wa Haemon, kijana aliyemchumbia. Anapopelekwa kufungiwa pangoni afie humo, Antigone anasema asingeivunja amri ya dola kwa ajili ya mume wala mtoto, kwa kuwa hao hupatikana wengine. Kaka hapatikani, wazazi wakiwa wamekwisha kuingia kaburini.

Maneno hayo yamewakera wasomaji kwa karne nyingi. Goethe, mshairi wa Kijerumani, alisema mwaka 1827 kwamba anatamani mtaalamu mmoja athibitishe kuwa si ya Sophocles, yamechomekwa tu. Haikuwa rahisi hivyo, maana mwanafalsafa Aristotle aliyanukuu zamani zile bila shaka yoyote. Na kero yenyewe ina msingi, kwa sababu hesabu ya Antigone haikai sawa. Mke wa Intaphernes alikuwa akimwokoa kaka aliye hai. Antigone anaokoa maiti. Kaka hapatikani mwingine, sawa, lakini huyu amekwisha kupotea, na anayepotezwa kwa ajili yake ni Haemon, ambaye yuko hai na atajiua juu ya mwili wa mchumba wake.

Ukirudi kwenye swali la mlango, mambo yanajipanga. Mwanamke wa Athene hakuwa mtu wa kujisimamia mbele ya sheria. Alikuwa chini ya msimamizi wa kiume: baba, na baba asipokuwepo, kaka; akiolewa, mume. Ndoa ikivunjika alirudi kwa msimamizi wake wa kwanza, na mahari aliyokwenda nayo kwa mume ilipaswa kurudi pamoja naye. Mume akichelewa kuirudisha alidaiwa riba ya asilimia 18 kwa mwaka. Maana yake ni kwamba, kwa mwanamke aliyefiwa na baba, kaka ndiye nyumba, na ndiye aliyempa mume sababu ya kufikiri mara mbili kabla ya kumtesa mke. Antigone amefiwa na kaka wote wawili. Anapolia kwamba kaka hapatikani mwingine, anamlilia Polynices, na wakati huohuo anaeleza kwamba hana tena mahali duniani. Ndiyo maana kaburi halimtishi kama linavyotutisha sisi.

Msomaji wa pwani yetu hahitaji kufafanuliwa sana habari hii. Katika ndoa ya Kiislamu kwa madhehebu ya Shafi, baba na babu wakiwa hawapo, walii wa kumwozesha mwanamke ni kaka yake wa baba na mama mmoja. Anayekutoa ndiye unayerudi kwake mambo yakikushinda. Kiswahili cha zamani kilikuwa hata na neno la pekee, umbu, la ndugu wa jinsia nyingine: kaka kwa mwanamke, dada kwa mwanamume. Neno lenyewe limeishia mashairini, lakini lililoliumba lipo bado.

Tatizo la kweli huja pale mwenye mlango anapokuwa ndiye adui wa mume. Hapo ndipo Shakespeare alipomweka Octavia. Waliosoma Juliasi Kaizari katika tafsiri ya Mwalimu Nyerere wanamkumbuka Mark Antony na kijana Octavius wakiwa upande mmoja, wakiwawinda wauaji wa Kaizari. Antony and Cleopatra inaendelea kutoka hapo, miaka imepita, wale washirika wawili sasa wanaviziana. Ili wapatanishwe, Antony anaozwa Octavia, dada yake Octavius. Kihistoria ilikuwa mwaka 40 kabla ya Kristo, baada ya mapatano ya Brundisium. Katika tamthilia wazo linatolewa na Agrippa, rafiki wa kaka mtu, na mambo yanamalizwa wanaume wakiwa wamekaa mezani. Octavia mwenyewe hayupo.

Kisha mapatano yanaanza kuoza. Katika onyesho la nne la sehemu ya tatu Octavia anasimama mbele ya mumewe na kusema jambo ambalo sijaona likisemwa vizuri zaidi mahali pengine. Anasema miungu itamcheka. Ataomba: mbariki bwana wangu, na papo hapo ataitangua dua hiyo kwa sauti ileile: mbariki kaka yangu. Mume ashinde, kaka ashinde. Dua moja inaiua nyingine, na katikati yake hapana njia. Antony anamjibu kwa maneno ya upole yasiyomsaidia kitu: upendo wako uende upande unaojitahidi zaidi kuulinda. Halafu anamruhusu aende Roma kuwapatanisha.

Anakwenda, na anapofika tunaona mlango wa kaka una thamani gani. Octavius anamlalamikia kwanza jinsi alivyokuja. Amekuja kimyakimya kama mwanamke anayekwenda sokoni, wakati dada wa Kaizari, maana Octavius naye sasa anaitwa hivyo, alistahili kutanguliwa na jeshi, farasi, na vumbi la kufika mbinguni. Baada ya hapo ndipo anampa habari kwamba mumewe, aliyedhani amemwacha Athene, amekwisha kurudi Misri kwa mpenzi wake, malkia Cleopatra. Dada analia kwamba moyo wake umegawanyika kati ya wapendwa wawili wanaoumizana. Kaka anamkaribisha nyumbani, na ukisikiliza vizuri utasikia anaihesabu aibu ile kama mtaji wa vita. Mlango umefunguliwa, ila aliyeufungua ana haja yake.

Historia yenyewe ni nzito kuliko tamthilia. Plutarch, mwandishi wa Kigiriki wa kale, anaeleza kwamba kaka yake alimwagiza aihame nyumba ya Antony, Octavia akakataa. Alikaa, akalea watoto wa Antony wa ndoa ya kabla yake pamoja na wake mwenyewe, akapokea wageni wa mume aliyekuwa Misri na mwanamke mwingine. Alitoka mwaka 32 kabla ya Kristo alipopewa talaka na kufukuzwa. Antony na Cleopatra walipokufa, aliwachukua watoto wao pia, akawalea. Shakespeare hakuyatia hayo. Octavia wake anazungumza maneno machache sana, na baada ya kupokewa na kaka hatumwoni tena. Wako wanaomwona mhusika dhaifu, mwanasesere wa siasa. Mimi naona unyamavu huo umepimwa: mwanamke ambaye milango yake yote miwili imeshikwa na watu wanaopigana, aseme nini?

Pierre Corneille wa Ufaransa alilichukua tatizo hilohilo mwaka 1640 katika Horace, akalifunga fundo kiasi cha kuchekesha kama lisingekuwa la damu. Miji ya Roma na Alba inakubaliana vita viamuliwe na vijana watatu kwa watatu. Roma inawateua ndugu watatu wa ukoo wa Horace, Alba inawateua ndugu watatu wa ukoo wa Curiace. Sabine, mke wa Horace, ni dada wa Curiace. Camille, dada wa Horace, ni mchumba wa Curiace. Mashemeji wanakwenda kuuana, na kila mmoja amewaacha nyuma yake wanawake wawili wasioweza kumwombea ushindi bila kumlaani mpenzi wao. Sabine anawapa wanaume hao ushauri wa kichaa wenye mantiki kamili: mmoja wenu aniue, mwingine alipize kisasi, angalau mtakuwa na sababu ya kuchukiana. Camille haendi kwa mantiki. Kaka yake anaporudi mshindi baada ya kumuua mchumba wake, anailaani Roma mbele yake, na kaka anamuua dada.

Mlango wa Camille ulikuwa nyumba ya baba yake, na ndani yake mlikuwa na upanga.

Kabla ya kurudi kwa Stella, nigusie kisa kimoja kinachoonyesha kwamba mizani hii haikukaa mahali pamoja siku zote. Watu wa Ulaya ya kaskazini walikuwa na simulizi la mwanamke aliyepoteza mume na kaka kwa mikono ya watu wake mwenyewe. Katika shairi la kale la Kinorse, jina lake ni Gudrun: mumewe Atli anawaua kaka zake, naye anamlipiza kisasi mume, anamuua, anachoma nyumba. Katika utenzi wa Kijerumani wa takriban mwaka 1200, jina lake ni Kriemhild, na kisasi kimegeuka kichwa chini miguu juu: anawaalika kaka zake na kuwaangamiza kwa sababu walishiriki kumuua mume wake wa kwanza, Siegfried. Friedrich Hebbel alikipeleka kisa hicho jukwaani huko Weimar mwaka 1861. Wasimulizi wa kwanza waliona ni jambo la kawaida mwanamke kuwa upande wa kaka. Waliofuata waliishi katika dunia ambamo ndoa ilikuwa imekuwa kifungo kizito kuliko ukoo, wakabadilisha aliyestahili kufa. Kwa hiyo anayesema damu nzito kuliko maji, na anayesema aliyeolewa ameolewa, kila mmoja ana kisa chake cha kale cha kumuunga mkono, tena ni kisa kilekile.

Sasa turudi New Orleans, kwenye mtaa wa Elysian Fields, katika nyumba ya vyumba viwili vilivyotengwa kwa pazia.

Williams alifanya mabadiliko mawili kwenye kisa cha zamani. La kwanza, ndugu ni dada. Blanche hana jeshi wala cheo cha walii. Hawezi kumtisha Stanley kwa lolote isipokuwa ulimi. La pili ndilo linaloumiza zaidi: ndugu huyu hana nyumba. Belle Reve, shamba la familia yao kule Mississippi, limepotea kwa madeni. Amekuja kwa mdogo wake na sanduku la nguo, na amelazwa jikoni kwenye kitanda cha kukunja. Katika kisa cha zamani, dada mwenye shida hukimbilia kwa ndugu. Hapa ndugu mwenye shida ndiye aliyekimbilia ndani ya ndoa, na kutoka humohumo anamwambia mwenye ndoa: tukimbie. Kwenda wapi? Kwa senti 65?

Kuna deni pia kati ya dada hawa, na deni hilo naliona ni la kwetu kabisa. Baba yao alipokufa, Stella aliondoka kwenda kutafuta maisha. Blanche alibaki. Aliuguza, alizika, aliona jamaa wakimalizika mmoja baada ya mwingine na kila mazishi yakimega kipande cha ardhi, mpaka mshahara wa ualimu ukashindwa. Katika onyesho la kwanza tu, hata chai haijapoa, anamtolea mdogo wake yote: ulikuwa wapi wewe? Ulikuwa kitandani na mwanaume wako. Kila ukoo una aliyebaki na aliyeondoka, na aliyebaki huja siku moja na daftari la hesabu. Stella anaanza tamthilia akiwa anadaiwa, na anampokea dada yake kwa kumpikia, kumletea vinywaji, kuvumilia anavyokaa bafuni saa nzima. Analipa kidogokidogo.

Stanley naye ana daftari lake. Akisikia shamba limepotea, anauliza karatasi ziko wapi. Anakumbusha kwamba Louisiana ina sheria iliyorithiwa kwa Wafaransa, anaiita ya Napoleon, na kwa maelezo yake mali ya mke ni mali ya mume. Mke akidhulumiwa, kadhulumiwa yeye. Watazamaji hucheka hapo, kwa sababu anaisema kama mtu aliyeikariri kijiweni. Lakini Stanley ameelewa jambo ambalo Blanche, kwa usomi wake wote, hajalielewa: ugomvi wao unahusu nyumba. Yeye analipa pango, na anakumbusha hivyo. Stella mwenyewe anamweleza dada yake kwamba hapewi posho ya kawaida, mume hupenda kulipa bili mwenyewe. Zile dola 10 zilikuja kwa sababu ya kipigo.

Watu humlaumu Stella kwa kushuka zile ngazi usiku ule, baada ya kupigwa, na kurudi mikononi mwa Stanley. Na Stella hadai kwamba amelazimishwa. Anamwambia dada yake waziwazi kwamba hayumo katika kitu anachotaka kutoka. Yapo mambo yanayopita kati ya mume na mke gizani, anasema, ambayo hufanya mengine yasiwe na uzito. Williams hamfichi mwanamke huyu nyuma ya umaskini. Tamaa yake ni yake. Ila tazama alipanda kwenda wapi alipokimbia: ghorofani kwa Eunice, jirani mwenye jengo. Eunice naye hupigwa na mumewe Steve. Katika onyesho linalofuata anatoka mbio akisema anakwenda kuita polisi, na muda mfupi baadaye wanarudi wamekumbatiana. Kimbilio la Stella liko juu ya ngazi ileile, kwa mwanamke mwenye ndoa ileile.

Wanaotazama tamthilia zetu za runinga watasema: mbona kwetu kisa hiki kila siku kiko upande wa mwanamume, kaka kati ya mke na dada zake? Kweli, wifi aliyekuja kukaa wiki moja akamaliza mwaka amewalisha waandishi wengi. Lakini angalia: kaka yule ndiye mwenye nyumba. Akichagua vibaya, mwingine ndiye anayefunga mizigo. Ndiyo maana kisa hicho huelekea kwenye vichekesho au machozi ya jioni moja, na mara chache sana kinafika kwenye msiba wa aina ya Octavia. Anayechagua hahatarishi kitanda chake.

Kuna kazi nyingine ambayo ndugu hufanya katika tamthilia hizi, na kwa Blanche ndiyo inayommaliza. Ndugu ni shahidi. Mume na mke waliozoea maisha yao wamekwisha kukubaliana nini kiitwe ugomvi wa kawaida na nini kiitwe utani. Anapoingia mtu aliyemjua mmoja wao kabla ya ndoa, makubaliano hayo yanasomwa na macho mageni. Katika onyesho la nne Blanche anamweleza Stella, kwa maneno makali, kwamba mume wake ni mnyama, asibaki nyuma na wanyama. Hajui Stanley amerudi, amesimama nje akisikiliza, mlio wa treni umeficha hatua zake. Stanley anatoka, anaingia upya kama aliyefika sasa hivi, na Stella anamkumbatia kwa nguvu mbele ya dada yake. Juu ya kichwa cha mkewe Stanley anamwangalia Blanche na kutabasamu. Tangu dakika hiyo shahidi anawindwa. Stanley anachunguza maisha ya shemeji yake kule alikotoka, anapata yaliyofichwa, anayasambaza kwa mwanamume aliyetaka kumwoa. Siku ya kuzaliwa kwake anampa zawadi: tiketi ya basi ya kumrudisha alikofukuzwa. Usiku huo Stella anashikwa na uchungu, anapelekwa hospitali, na Stanley anarudi nyumbani. Anambaka Blanche.

Hapo uchaguzi wa Stella unakuwa mwingine kabisa na ule watu wanaoubishania. Dada amemwambia kilichotokea. Mume amekana. Mtoto amezaliwa. Stella anamweleza Eunice kwamba asingeweza kuiamini habari ya dada yake na bado akaendelea kuishi na Stanley. Soma sentensi hiyo polepole. Hasemi kwamba habari ni ya uongo. Anasema kuiamini kuna gharama, na gharama yenyewe ni nyumba. Eunice anamjibu kama jirani mwenye uzoefu: usiiamini kamwe, maisha lazima yaendelee. Na kwa kuwa mtu hawezi kukaa nyumba moja na shahidi aliyemkataa, Blanche anaandikiwa kupelekwa hospitali ya wagonjwa wa akili.

Filamu ilipotengenezwa mwaka 1951, wakaguzi wa Hollywood hawakukubali Stanley aachwe bila adhabu. Elia Kazan, aliyekuwa ameiongoza jukwaani na sasa anaiongoza kwenye kamera, akalazimika kubadilisha mwisho. Katika filamu Stella anambeba mwanawe, anasema harudi tena, anapanda ngazi kwenda kwa Eunice. Wengi walioiona filamu tu huapa kwamba Stella alimwacha mumewe. Lakini ngazi ni ileile. Tulimwona akiipanda katikati ya filamu na tulimwona akiishuka, na Stanley chini anaita vilevile. Wakaguzi walitaka haki. Bila kukusudia wakampeleka kwenye mlango uliokwisha kushindwa mara moja.

Williams alikuwa na sababu yake ya kujua mambo haya. Dada yake mkubwa, Rose, alifanyiwa upasuaji wa ubongo mwaka 1943, wakati ndugu huyu wa kiume alikuwa mbali akijitafutia maisha. Ulimharibia maisha yake yote yaliyobaki. Sisemi Blanche ni Rose. Wana tabia tofauti sana. Lakini miaka minne baadaye mtunzi alimaliza tamthilia yake kwa dada anayepelekwa na daktari huku ndugu aliyekubali akibaki nyumbani, na aliendelea kugharimia matunzo ya Rose hadi alipokufa yeye mwenyewe mwaka 1983, na katika wosia wake pia.

Katika onyesho la mwisho wanaume wako mezani tena, wanacheza karata. Daktari na muuguzi wamefika. Blanche kwanza anapigana, kisha daktari anavua kofia na kusema naye kwa adabu, naye anashika mkono wake na kutoka, akipita katikati ya wachezaji. Stella yuko nje kwenye ngazi. Analiita jina la dada yake, analirudia. Blanche hageuki. Eunice anashuka na mtoto aliyefunikwa blanketi la buluu hafifu, anamweka mikononi mwa mama yake. Stanley anapiga magoti kando, anambembeleza, vidole vyake vinatafuta vifungo vya blauzi. Stella analia bila kujizuia. Ndani, Steve anagawa karata na kuwatangazia wenzake mchezo unaofuata.